Juu Usimpandishe Mtu

Watu wengine wakikaribishwa nyumbani kwa mtu hutazama kwanza viti, wengine hutazama kama jiko linafuka moshi. Nadia binti Ismaili, muuza mawese wa soko la Rumonge, alitazama juu. Angeweza kukaa kwako mchana kutwa, akanywa chai yako na kuwapa pole wagonjwa wako, na alipotoka asijue ukuta wako una rangi gani. Lakini angekuambia kwamba bati lililo juu ya mlango limeanza kutu na msumari wake umelegea. Watu walimwona ana kasoro kidogo ya kichwa. Yeye aliwaona wao ndio wenye kasoro, maana walikuwa wamepitia vita vile vile na bado walikuwa wakitazama viti.

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa kando ya barabara ya Nyanza-Lac. Marehemu mumewe aliiezeka kwa mabati mapya mwaka mmoja kabla ya vita, na Nadia aliyaonea fahari mabati yale kuliko hata harusi yake. Jua likipanda, yaliwaka. Wavuvi waliokuwa wakirudi asubuhi na ndagala walimtania kwamba hawana haja tena ya taa, paa la Mama Swedi linawaonyesha njia ya nyumbani. Alicheka, akawapimia mawese kwa mkono mkunjufu. Vita vilipofika, familia nzima ilivuka ziwa kwa boti hadi upande wa Kigoma, na walipothubutu kurudi walikuta kuta zimesimama na juu yake mbingu tupu. Waliokuja hawakuchukua kitanda wala mlango. Walichukua mabati yote, na misumari wakaing'oa mmoja mmoja kama watu wanaochambua mchele. Mvua za msimu mmoja zikamaliza kuta.

Mumewe hakuishi sana baada ya hapo, na mwanawe Swedi akabaki Kigoma. Nadia akabaki na mama yake mzazi, Bi Mariyamu, na swali moja ambalo alikuwa amelijibu mwenyewe siku nyingi: kwa nini paa lake ndilo lililotangulia kuchukuliwa kuliko mapaa yote ya barabara ile? Kijicho, alisema. Mtu fulani alimwonea kijicho. Jibu hilo alilibeba miaka yote ya vita, na lilimsaidia kuwasalimia majirani kwa ubaridi.

Mwaka wa nane wa vita ulimkuta katika chumba cha kupanga kilichovuja kila pembe. Mwenye nyumba alipoambiwa, alijibu kwamba siku hizi nchi nzima inavuja. Msimu wa mvua uliopita Bi Mariyamu alilala ameketi, beseni mapajani, akikohoa hadi alfajiri. Muuguzi wa zahanati alimsikiliza kifua, kisha akamwita Nadia pembeni, akamwambia bila kuzunguka kwamba kifua hiki hakitavumilia msimu mwingine wa kulala kwenye maji. Hilo Nadia hakulisahau hata siku moja. Mvua zingeanza tena mwisho wa Septemba, na kabla hazijaanza mama yake ilikuwa lazima awe amelala pakavu. Kiwanja chake cha zamani alikuwa amekwisha kukiuza, na fedha yake ilitosha kununua nyumba moja. Ilitosha nyumba, haikutosha nyumba na paa jingine baadaye.

Hapo ndipo akasikia kwamba Mzee Hamissi anauza.

Mzee Hamissi alikuwa zamani mfanyabiashara wa mukeke, samaki mkavu wa ziwani, na sasa alikuwa mtu wa tasbihi na maneno machache. Binti yake alimtaka ahamie kwake Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, na mzee alikuwa amekubali. Nyumba yake ilisimama nyuma ya msikiti, kuta nene, sakafu ya saruji, na juu paa jeusi lenye magamba, kama sufuria ya kuni isiyowahi kusuguliwa tangu inunuliwe. Nadia alimjua mzee huyo vizuri. Kila kiangazi alikuja kwenye meza yake sokoni na debe kuukuu, akaomba mashapo ya mawese, ule uchafu mzito unaobaki chini ya pipa baada ya kuchemsha. Alisema ni dawa ya ukurutu wa mbuzi wake. Nadia alimpa, akamuuliza hali ya mbuzi, mzee akajibu mbuzi hajambo. Mbuzi mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona, na wanawake wa soko walikuwa wamekwisha kumpa jina na kumtafutia mume.

Siku alipokwenda kuona nyumba, Nadia alisimama uani, akainua uso.

"Muzee, hii paa iko namna gani?"

"Iko mbaya," mzee akasema. "Si unaiona mwenyewe?"

"Sasa mbona bei unaniombea kama iko muzuri?"

"Kwa sababu nyumba iko muzuri."

Nadia alimtazama kuona kama anatania. Mzee alikuwa akihesabu tasbihi yake, uso mkavu. Katika maisha yake ya biashara Nadia alikuwa amekutana na wauzaji waongo wa kila aina, walioapa kwa Mungu na walioapa kwa watoto wao, lakini muuzaji anayeiponda bidhaa yake kisha akakataa kupunguza bei hakuwahi kumwona. Alijaribu kumvuta. Alimweleza habari za mama yake, kifua, beseni. Mzee alisikiliza vizuri, macho yakamlainika, akasema Bi Mariyamu atalala vizuri humu. Bei haikusogea hata kidogo. Nadia alirudi nyumbani akisema peke yake njiani, na mtu akisema peke yake njiani mwaka ule watu walimpisha.

Alirudi mara ya pili, na ya tatu. Mara hiyo mzee alikuwa anafunga safari ya Bujumbura kwenda kutazama chumba alichotayarishiwa na binti yake. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na nyuma, na msafara ukikuacha unangoja. Alikuwa amekwisha kuvaa koti. Akampa Nadia ufunguo.

"Ingia ndani, tazama vile unataka, hata ulale mule na mama," akamwambia. "Ila juu usimupandishe mutu."

Akapanda lori, akaenda zake.

Laiti angenyamaza. Maneno yale yalimkaa Nadia kama mwiba wa samaki kooni. Juu usimpandishe mtu! Kwa nini? Kuna nini juu? Mtu mwenye paa zima angesema panda, tazama, chezea. Aliingia ndani, akafunga madirisha yote, akatazama kama kuna jicho la mwanga popote, na hakuliona. Hilo nalo likamtia wasiwasi zaidi. Magamba yale meusi, aliamua, ndiyo yanayoziba. Paa limeoza, uchafu ndio umelishika, na mvua ya kwanza ya nguvu itauosha uchafu imwachie mama yake chujio. Alifunga mlango, akaenda moja kwa moja kumtafuta Fundi Mulamba.

Fundi Mulamba alikuwa Mkongomani aliyevuka kutoka Baraka, mwimbaji mkubwa wa kwaya, na mjini Rumonge hakuna aliyejua mabati kama yeye. Hayo aliyasema mwenyewe. Zamani aliezeka, lakini vita vilipoifanya kazi ya kuezeka kuwa kazi ya wazimu, alijipandisha cheo. Sasa alikagua tu.

"Mimi sitengenezi paa, Mama Swedi," alimwambia. "Mimi ninaihukumu."

Nadia akasema basi njoo uhukumu leo. Leo haikuwezekana, alikuwa na mazoezi ya kwaya. Kesho yake alikuwa na msiba Kabezi, akaenda, barabara ikafungwa nyuma yake, akakaa huko siku kadhaa akila wali wa msiba. Aliporudi, ngazi yake ilikuwa imeazimwa na mtu aliyekimbilia Tanzania nayo. Nadia akatafuta ngazi. Fundi akaja, akasimama ng'ambo ya njia, akalitazama paa kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili, akaguna, akaondoka, akisema hiyo ilikuwa hatua ya kwanza. Nadia aliuma meno. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na usiku Bi Mariyamu alikuwa ameanza tena kile kikohozi chake kidogo cha kutangulia. Akamwambia fundi kwamba asipopanda kesho atapanda yeye mwenyewe, na akianguka atahakikisha ameangukia juu yake.

Fundi akaja. Akaomba ndoo ya maji, mchanga, sabuni ya kipande na burashi ya waya, akasema hukumu haina haraka. Nadia hakuuliza burashi ni ya nini. Alikuwa na mteja kutoka Muhuta aliyekuja kupakia mawese na gari lake lisingengoja, kwa hiyo alimfungulia uani, akamshikia ngazi akapanda, na akarudi sokoni mbio.

Alipomaliza kupakia, jua lilikuwa limekwisha kupita utosini. Alishika njia ya msikiti, na alipopinda kona ya kwanza kitu kikampiga machoni. Alidhani ni kioo cha gari. Akaweka mkono juu ya paji la uso. Mtaa mzima ulikuwa na mapaa ya kahawia na meusi, yaliyochoka kama watu wake, na katikati yake nyumba moja iliwaka.

Kwanza, tuseme kweli, alifurahi. Moyo uliruka kama wa msichana. Fundi Mulamba alikuwa amesimama kwenye mgongo wa paa, shati limelowa, akiwahubiria watu waliokusanyika njiani. Aliwaambia kwamba kwa miaka yote ya kazi yake hajakutana na bati la namna hii, zito, la zamani, halina kutu wala tundu, na kwamba bati chafu yeye hahukumu, ndiyo maana ilimbidi alisugue lote, upande huu na upande ule. Sauti yake ya kwaya ilifika hadi sokoni. Watu wakampongeza Nadia. Mama mmoja akamuuliza amepata wapi fedha ya mabati mapya, na swali hilo halikuwa na upole ndani yake.

Kisha akaona maji. Yalikuwa yanadondoka upenuni, meusi na mazito, yakitambaa uani kuelekea kwenye viatu vyake. Aliinama, akachovya kidole, akanusa. Hakuna pua Rumonge iliyokuwa ikiijua harufu ile kuliko yake. Yalikuwa mawese, mashapo ya mawese yake mwenyewe, yamechanganywa na masizi na udongo mwekundu, kiangazi juu ya kiangazi, debe juu ya debe.

Huyo ndiye mbuzi.

Alisimama na kidole chake cheusi hewani. Mwanamume mmoja asiyemjua, mwenye baiskeli, alikuwa amesimama ng'ambo ya njia akilitazama paa. Alimsalimia Nadia vizuri, amahoro mama, akauliza kwa adabu nyumba hii ni ya nani. Nadia akasema ni ya watu. Mwanamume akaitikia kwa kichwa, akatazama paa tena toka pembe hii hadi pembe ile kama mtu anayepima nguo, akapanda baiskeli yake akaenda.

Akamwambia fundi ashuke. Fundi alitaka kumalizia kona moja iliyobaki. Akamwambia ashuke, kwa sauti iliyomfanya fundi ashuke bila burashi yake.

Mzee Hamissi alirudi kesho yake na msafara. Baadaye alisimulia kwamba aliliona paa lake akiwa juu ya lori, kabla hata ya kuona mnara wa msikiti, na kwamba mtu aliyekaa karibu naye alilisifu. Alipofika aliketi kwenye ngazi ya mlango, akaweka mfuko wake chini. Nadia alikuwa amengoja hapo tangu asubuhi, na alianza yeye.

"Ulisema paa iko mbaya."

"Nilisema usipandishe mutu."

"Muzee, mimi ndiye ninanunua! Ningejuaje?"

Ni mara moja tu sauti yake ilipanda, na ilipanda hadi msikitini. Mzee akangoja ishuke. Kisha akaeleza, taratibu, kwamba alikusudia kumwambia yote jioni ya kukabidhiana, ndani, mlango umefungwa, kwa sababu siri kama hii haisemwi uani. Mabati yale aliyaleta kwa boti kutoka Kigoma, kwa ajili ya marehemu mkewe aliyeogopa ngurumo na kutaka paa zito juu ya kichwa chake. Kwa miaka yote ya vita watu wenye bunduki walikuwa wamepita mtaani, wa upande huu na wa upande ule, na wengine ambao hawakuwa na upande, na hakuna hata mmoja aliyeinua uso kulitazama paa lake mara mbili. Nadia akamuuliza nani alimfundisha ujanja ule. Mzee akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi kuliko ambavyo matusi yangemuudhi.

"Nilijifunza kwa paa yako, Mama Swedi," akasema. "Siku walichukua ile yako nilikuwa ziwani ndani ya boti. Ile ndiyo tuliona ya kwanza, kutoka mbali kabisa. Nikasema, na wao wanaiona. Wiki ile ile nikapanda na debe."

Miaka minane Nadia alikuwa amewanunia majirani. Alikuwa amemnyima salamu mjane mmoja wa barabara ile hadi akafa. Na hakukuwa na kijicho chochote, kulikuwa na jua tu na mabati yaliyosuguliwa, na yeye ndiye aliyekuwa akimtuma mumewe kuyaosha kila mwezi wa kiangazi. Hasira ilimjaa asijue amwelekee nani. Ingekuwa nafuu mtu awepo wa kulaumiwa. Fundi Mulamba, ambaye alikuwa amejikunyata karibu na ngazi, alisogea nyuma hatua moja.

Fundi ndiye aliyesema basi tulipake tena leo leo, mashapo si yapo? Nadia akamuuliza kama anadhani watu wamekuwa vipofu tangu jana. Mtaa mzima umeona, soko limesikia, kwaya yake imehubiri. Yule wa baiskeli ameona. Ukilipaka sasa watajua unaficha, na watakuja mapema zaidi. Mzee alikubali kwa kichwa. Alisema kwa upande wake haoni tena kitu cha kumuuzia, maana nyumba hii sasa ni ya walioiona, na yeye si mtu wa kumuuzia mjane mwenzake wa vita kitu kitakachoondoka wiki ijayo. Arudi na fedha yake.

Ndani ya chumba cha kupanga, Bi Mariyamu alikuwa anakohoa. Nadia hakuweza kumsikia kutoka pale, lakini alimsikia.

Alikaa akilitazama lile paa zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona, na kadiri alivyolitazama ndivyo lilivyozidi kumkera, kwa uzuri wake ule ule. Watu wale hawachukui paa ili walalie, alifikiri. Wanachukua kuuza. Na mnunuzi wa bati, popote alipo, anafanya lile lile analofanya yeye Nadia: analiinua juani, anatafuta tundu.

"Tulitoboe," akasema.

Fundi Mulamba alidhani hakusikia vizuri. Nadia akarudia. Kila bati, katikati, mahali litakapoonekana na kila mtu. Nani atabeba chujio kichwani na kukimbia nalo milimani? Fundi akaweka mikono kichwani. Alisema afadhali atobolewe yeye. Alisema hilo si neno la kumwambia mtu wa kazi yake, na kwamba bati kama hili halitakuja tena nchini mpaka yeye anaingia kaburini. Nadia akamjibu kwamba kama si burashi yake lingekuwa bado jeusi na salama, na kwamba kama anajua mahali pa kutoboa pasipovuja sana, huu ndio wakati wa kuonyesha ule ujuzi anaoutangaza.

Mzee Hamissi aliinuka. Alisema atamuuzia, lakini nyundo hataishika na wala hataisikia. Jioni ile ile wakakabidhiana mbele ya watu wa msikiti, na asubuhi mzee akachukua tasbihi yake akaenda kukaa upande wa ziwa, mbali, mpaka kazi iishe.

Nadia alipanda mwenyewe. Fundi alimshika mguu, akamwonyesha mahali: juu ya mgongo wa wimbi la bati, maana maji hupita bondeni, si mgongoni. Alisimamisha msumari mnene. Kwa miaka minane alikuwa ameota paa lisilo na tundu, alikuwa amewakera watu wazima kwa ajili ya matundu ya watu wengine, na sasa alikuwa amepiga magoti juu ya paa zima, lake kwa hati, akiwa na nyundo mkononi. Pigo la kwanza liliteleza. La pili likapita, na bati likatoa mlio ambao fundi aliuitikia kwa kuguna. Nadia alilia. Alilia kwa hasira, akipiga, akiwatukana wenye bunduki wa pande zote, na jua, na fundi, na mbuzi, na watu waliosimama njiani wakitazama walisema mwanamke yule amekuta paa bovu, anapigilia misumari ya bure, sasa amefika mwisho. Hivyo ndivyo alivyotaka waseme.

Fundi alifanya kazi mbili zilizobaki. Ya kwanza, kuziba kila tundu kwa ndani, kwa vitambaa vilivyochovywa kwenye lami. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi: kuzunguka soko lote akisema kwamba alikosea, kwamba lile paa alilolisifu ni bovu, limetoboka kila bati, ilikuwa ni mng'aro tu wa sabuni. Aliyasema kwa uchungu wa kweli, akijifuta macho, na wote wakamwamini. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena kukagua kitu Rumonge, na jambo hilo alilikumbusha kila alipokuja kunywa chai kwa Nadia, na alikuja mara nyingi.

Wenye bunduki walikuja kabla ya mvua. Mtaa ulikuwa umepata fununu, watu wakaenda kulala uwanja wa kanisa, Bi Mariyamu akibebwa kwenye kiti. Asubuhi waliporudi, nyumba tano nyuma ya msikiti zilikuwa zimebaki kuta, na kati ya yaliyochukuliwa mlikuwa na mapaa ya kahawia yasiyokuwa na thamani hata nusu ya lile lake. Kwenye nyumba ya Nadia ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Bati moja la pembeni lilikuwa limeinuliwa, likakunjwa kidogo, mtu akalitazama, akaliacha. Nadia hakushangilia. Majirani zake walikuwa wamesimama ndani ya nyumba zao wakitazama mbingu, na yeye aliijua mbingu hiyo. Aliwasalimia mmoja mmoja, kwa majina. Familia mbili akaziweka kwake mpaka zilipopata shitingi, maturubai ya plastiki ya msaada.

Mvua ya kwanza ilinyesha alasiri moja, ghafla, kutoka upande wa ziwa, kwa kishindo kilichofanya watu wasisikilizane. Nadia alikuwa anapepeta mchele. Aliacha ungo, akasimama katikati ya chumba, uso juu, kama kawaida yake. Vitambaa vilishika. Kimoja hakikushika, kile cha tundu la kwanza, lililopigwa na nyundo iliyoteleza, na tone lilijikusanya pale, likanenepa, likaanguka kwenye kona ya mkeka wa Bi Mariyamu.

Mama yake alikuwa amelala chali chini ya blanketi kavu, macho wazi, akisikiliza ngurumo juu ya bati zito. Hakuwa amekohoa tangu asubuhi.

"Nadia, mwanangu," akasema, "hapa kunavuja."

"Ninajua, mama. Nilipatoboa mwenyewe."

Bi Mariyamu alilitazama lile tundu, akamtazama binti yake. Kisha akajivuta pembeni kidogo, akaacha nafasi ya sufuria, akafumba macho akalala.